Maporomoko Ndani ya Kioo: Tangi la Chura wa Kihansi

Bukundi, wilayani Meatu mkoani Simiyu, chura na maji hukutana kwa msimu. Mvua ikinyesha, malambo ya ng'ombe hujaa na usiku hakulaliki kwa makelele yao. Kiangazi kikiingia, wako vyura wanaojifukia ardhini na kusubiri huko hadi mvua nyingine. Chura wa namna hiyo amezoea shida, na anayetaka kumfuga ana nafasi ya kukosea.

Chura wa Kihansi hana nafasi hiyo. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi, katika Milima ya Udzungwa, naye Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliomtambulisha kwa dunia. Jike lililokomaa halifiki sentimeta 3. Makazi yake yote yalikuwa kama hekta 2 tu, chini ya maporomoko, mahali ambapo rasharasha ya maji haikukatika usiku wala mchana. Kisha likaja bwawa la umeme la megawati 180. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa mno ya maji ilikuwa imeelekezwa kwenye mitambo, na lile korongo likaanza kukauka.

Mwishoni mwa mwaka huohuo vyura 499 walikusanywa na kupelekwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kisha wakagawanywa kwenye bustani nyingine za Marekani. Hapo ndipo kazi ya tangi ilipoanza, na ilianza kwa msiba. Hadi mwisho wa mwaka 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70.

Kwa nini, ilhali walikuwa mikononi mwa mabingwa? Tangi la kioo lenye majani na unyevu hutosha kumpa mtu picha ya korongo, lakini chura haishi ndani ya picha. Ngozi yake ndiyo mdomo wake wa pili: hunywa na kupumua kwa ngozi hiyo, kwa hiyo klorini ya bomba au chumvi iliyozidi kidogo humwingia moja kwa moja mwilini. Wengine walikuja na minyoo ya mapafu, ambayo porini huweza kuvumilika lakini ndani ya boksi dogo humrudia chura kila siku kupitia kinyesi chake. Ikabidi wahudumu wajifunze upya karibu kila kitu, kuanzia maji, chakula na dawa hadi taa.

Taa ndiyo inayosahaulika upesi. Ng'ambo ya kioo, bila jua, mnyama hukosa mionzi ya urujuanimno inayousaidia mwili kutengeneza vitamini D na kutumia kalsiamu kujenga mifupa. Kwa hiyo tangi lililofaa lilihitaji taa zenye mionzi hiyo, vinyunyizi vya kurusha manyunyu membamba mara kwa mara, na mkondo wa kuondoa maji machafu yasituame chini. Unyevu na usafi huvutana: ukinyunyiza sana bila kuondoa maji, umefuga kuvu na bakteria.

Watoto walikuwa na fumbo lao. Jike la Kihansi halitagi mayai wala halizai viluwiluwi. Huzaa vichura kamili vyenye urefu wa kama milimita 5. Dimbwi la kulelea halihitajiki, lakini tundu lolote dogo kwenye mfuniko ni mlango wa kutorokea, na nzi wa kawaida ni mlima kwa mdomo wa kichura hicho. Wanalishwa wadudu wadogo kupindukia, na wadudu hao sharti wafugwe pembeni, kila siku, bila kukosa. Anayelea vichura analea mifugo miwili.

Linganisha na aksoloti, aina ya salamanda wa Mexico, ambaye wengi sasa wanamtamani. Yeye huishi majini maisha yake yote, na hupendelea maji ya nyuzi 16 hadi 18. Kwa joto la Bariadi, mkoani Simiyu, mchana mmoja bila kipoza maji unaweza kumdhuru. Wadogo hung'atana miguu wakisongamana, na changarawe ndogo humezwa pamoja na chakula. Tangi lake pia huhitaji wiki kadhaa za kuandaliwa kabla hajaingia, ili bakteria wanaobadilisha amonia ya kinyesi wajijenge kwenye kichujio. Wanyama tofauti, ila uangalizi ni uleule.

Kule Kihansi mambo hayakusimama. Vinyunyizi vya mabomba vilifungwa korongoni kurudisha rasharasha, na Juni 2003 vyura walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Januari 2004 walionekana watatu tu, na sauti za madume wawili zikasikika. Kuvu wa ngozi aitwaye kitridi alikuwa amefika. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kutoweka porini. Uhai wake wote ukawa ndani ya vioo.

Agosti 2010 vyura 100 walirudi Dar es Salaam kutoka Bronx na Toledo, wakapokelewa kwenye kituo maalumu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wapatao 2,000 wakarejeshwa korongoni, ambako mabomba yaliendelea kuwanyunyizia maji.