Zambarau Haimo Kwenye Pakiti

Pakiti ya kahawa ni maandishi kama mengine. Ina kichwa, ina mwandishi asiyetajwa jina, ina msomaji anayelengwa, na ina lugha yake. Lakini hakuna anayeihakiki. Tunahakiki riwaya, filamu, albamu, hata kauli mbiu za wanasiasa, halafu yale maneno matatu yaliyochapishwa chini ya jina la kahawa tunayaacha yapite tu. Kwa kahawa ya Kenya maneno yenyewe huwa karibu yale yale: blakikaranti, balungi, wakati mwingine mvinyo mwekundu. Hayo ndiyo nataka tuyaangalie.

Mimi naishi Matisi, pembeni mwa mji wa Kitale. Asubuhi isiyo na ukungu, Mlima Elgon unauona vizuri ukiwa umesimama tu kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kwenye miteremko yake upande wa Bungoma kuna kahawa: Kimilili, Chwele, Cheptais. Hata hapa Trans Nzoia iko, ingawa sisi tunajulikana kwa mahindi, na ukisema "mavuno" Kitale hakuna atakayekuuliza mavuno ya nini. Kwa hivyo kahawa ni jirani yangu. Blakikaranti je? Mti wake sijawahi kuuona, tunda lake sijawahi kulishika. Ninachojua ni juisi ya chupa yenye jina hilo, ile ya kuchanganya na maji. Sasa kama kahawa imetoka huku na neno limetoka kwingine, anayeambiwa ni nani?

Ili uhakiki kitu, lazima kwanza ukisome. Kahawa inasomwa kwa kunywa, na chombo kilichonipa nafasi ya kuisoma ni frenchi presi. Yangu nilipata kwa muuza vyombo vya mitumba, bila boksi. Ni gilasi ndefu, kifuniko, na fito yenye chujio la waya mwishoni. Unaweka kahawa iliyosagwa, unamwaga maji ya moto, unangoja, unasukuma chujio chini, unamimina. Haihitaji stima, na Matisi hilo si jambo dogo.

Jina lenyewe, kwanza, ni nusu ukweli tu. Ni kweli hati ya ubunifu ya kwanza ya chombo cha aina hii ilitolewa Ufaransa mwaka 1852, kwa watu wawili, Mayer na Delforge. Lakini umbo tunalolijua leo lilitengenezwa na Waitalia. Attilio Calimani wa Milano aliliandikisha mwaka 1929. Majina ya vitu vya kahawa ndivyo yalivyo: anayekiuza ndiye anayekibatiza. Mtaona si kwa presi peke yake.

Kwa nini presi, na si kahawa ya kopo ya kukoroga, au ile ya kuchuja kwa karatasi? Karatasi inanasa mafuta ya kahawa na vumbi lake laini, kinachofika kikombeni ni kisafi na chepesi. Waya wa presi unaruhusu karibu kila kitu kipite, ndiyo maana kinywaji chake ni kizito na mwishoni kinaacha matope. Kuna watu wanaona huo ni uchafu. Lakini angalia wanavyofanya waonjaji wa kitaalamu, wale wanaoamua kahawa iuzwe bei gani. Wanaweka kahawa ndani ya bakuli, wanamwaga maji ya moto, wanangoja kama dakika nne, wanavunja ukoko uliojiunda juu, halafu wanaonja kwa kijiko. Hakuna karatasi, hakuna mashine. Presi ni lile bakuli lao, limeongezwa mpini na mdomo wa kumiminia. Ukiwa nayo umekaa kwenye meza ya mnunuzi, na unaweza kumuuliza ameandika nini.

Nikaanza na maandishi mengine, yale maelekezo yaliyojaa mtandaoni. Karibu yote yanasema: maji yakichemka, yaache yapoe nusu dakika ndipo umwage. Sababu ni kwamba kahawa inapikika vizuri kwenye joto la kati ya nyuzi 90 na 96, na maji yanachemka kwa 100. Sawa. Lakini yanachemkia 100 Mombasa. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukiyapoza zaidi, unapata kahawa yenye uchachu mkali na mwili mdogo, halafu unasema kahawa yenyewe ni mbaya. Maelekezo yale si ya uongo. Yameandikwa na mtu wa tambarare akiwaandikia watu wa tambarare, bila kusema hivyo. Wewe wa huku juu, sufuria ikichemka, mwaga.

Mengine nimeyachukua kama yalivyo. James Hoffmann, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia wa barista mwaka 2007, anatumia gramu 30 kwa nusu lita ya maji. Anangoja dakika nne, anakoroga ule ukoko, anaondoa povu kwa kijiko, halafu anangoja tena dakika tano au zaidi, na chujio halisukumi hadi chini. Analishusha mpaka usawa wa kahawa tu kisha anamimina taratibu. Matope yanabaki yamelala. Nimejaribu, inafanya kazi. Kama huna mizani, gramu 30 ni kama vijiko sita vya mezani. Kama huna mashine ya kusagia, kinu na mchi vinatosha: twanga mpaka ifanane na chenga za mahindi, kisha pitisha kwenye chujio la chai ili vumbi lidondoke na chenga zibaki.

Sasa turudi kwa maneno. Kahawa ya Kenya inapangwa kwa madaraja, na kinachopimwa kwanza ni ukubwa wa punje. Juu kuna AA, kisha AB, kuna PB ambazo ni zile punje za duara zinazokaa peke yake ndani ya tunda, kuna C, TT, T. Ni herufi tupu. Chini kabisa kuna kahawa iliyokaukia kwenye tunda bila kumenywa na kuoshwa, ile ambayo mara nyingi imeanguka au imeachwa mtini. Hiyo inaitwa mbuni. MH na ML mnazoziona kwenye orodha za mnada ni mbuni nzito na mbuni nyepesi.

Hebu simama hapo kidogo. Kwenye Kiswahili, buni ni punje ya kahawa na mbuni ni mti wenyewe, ule unaozaa AA na wengine wote. Kwenye orodha nzima ya madaraja ya nchi inayozungumza Kiswahili, neno la Kiswahili lililoingia ni moja, na limepewa takataka. Hakuna aliyekaa akapanga hivyo kwa ubaya, sidhani. Lakini lugha haihitaji njama. Yaliyopanda meli yalipewa herufi za wanunuzi, na yaliyobaki shambani yakabaki na jina la shambani.

Na historia inajulikana. Hadi miaka ya 1930 Mwafrika wa Kenya alizuiwa kulima kahawa; ilikuwa zao la masetla. Majaribio ya kwanza yakaruhusiwa Meru, Embu na Kisii, na ni baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndipo wakulima wadogo wakaingia kwa wingi. Upande wa pili wa mlima huu huu, Uganda, Wagisu walikuwa wanalima arabika siku nyingi, na mwaka huo huo wa 1954 chama kikuu cha ushirika cha Bugisu kikaandikishwa. Mlima mmoja, lugha zinazosikilizana, lakini sheria mbili. Hata mti maarufu kuliko yote nchini, SL28, uliochaguliwa miaka ya 1930, herufi zake ni za maabara ya Kabete iliyoitwa Scott Laboratories. Mkulima wetu aliingia kwenye kahawa akakuta mambo yote yameshapewa majina. Alichotakiwa ni kuchuma.

Mtu wa Pwani atanikatiza hapa: Kiswahili kina maneno ya kahawa, we ndugu yetu wa bara ndiye huyajui. Kweli kabisa. Mombasa, Lamu na Unguja kuna dele la shaba juu ya makaa, kuna vikombe vidogo visivyo na mkono, kuna tangawizi, kuna kashata ya kutafuna pembeni, na kuna baraza la kunywea. Na kuna neno ambalo mimi naliheshimu sana: kahawa chungu. Pwani uchungu ndio sifa. Unaagiza kahawa chungu kwa furaha, kashata ipo kuusawazisha. Kwa waonjaji wa mnada, uchungu mwingi ni kosa na pointi zinashuka. Kwa hivyo watu walioishi na kinywaji kwa karne nyingi walijitengenezea kipimo chao bila kuomba ruhusa. Huku bara, tunakolima, tuliruka hatua hiyo. Tulipanda, tukauza, tukanywa chai ya maziwa.

Mimi nakula kwa kuandika. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo naandika chochote kinacholipwa kwa maneno: maelezo ya viatu, ya vyumba vya kukodi, ya krimu za uso. Siku moja mteja wa ng'ambo akataka maelezo ya kahawa kadhaa za Afrika Mashariki, moja ikiwa ya Mlima Elgon. Nilitafuta kahawa ya mlima huo huku huku, nikaipika kwa presi, nikampa mamangu kikombe cha kwanza bila kumwambia chochote. Alikunywa, akatulia, akasema, "Hii ni zambarau. Zile za kuokota asubuhi, bado hazijalainika." Akanywa tena. "Inakausha ulimi hivyo hivyo." Halafu akasema, "Sasa niletee maziwa."

Nikaandika zambarau, nikaeleza ni tunda gani kwa sentensi moja. Maandishi yakarudi na mstari umepita juu yake, badala yake limewekwa blakikaranti. Maelezo ya mhariri yalikuwa mafupi: wasomaji hawajui zambarau. Nilibadilisha, nikalipwa. Tangu siku hiyo sijaacha kulifikiria, kwa sababu mhariri ana hoja, na ndiyo inayofaa kujibiwa.

Hoja ni hii. Wauzaji wa kahawa wana gurudumu la ladha, duara la rangi lenye majina ya ladha, lililotolewa mara ya kwanza 1995 na kuandikwa upya 2016. Toleo la pili limejengwa juu ya kamusi ya ladha ya shirika la World Coffee Research, na kamusi hiyo ni kazi ya maana: karibu kila neno limefungwa kwenye kitu unachoweza kununua na kuonja, ili mtu wa Seoul na mtu wa Oslo wakitaja ladha fulani wawe wanazungumzia kitu kimoja. Hapo sina ubishi. Bila maneno ya pamoja, kahawa ya mkulima wa Chwele haiwezi kusemwa kwa mtu ambaye hajaionja, na isiposemwa haipati bei. Shida ni kwamba vitu vyenyewe, vingi, ni vya kwenye rafu za supamaketi za Marekani. Kwenye gurudumu utapata nazi na nanasi. Zambarau haimo. Pera letu halimo.

Lakini kanuni yao ndiyo ninayoichukua: neno la ladha lina maana pale tu msikilizaji anapoweza kutia kitu hicho mdomoni. Ukiifuata kanuni hiyo kwa uaminifu, Matisi neno sahihi ni zambarau na blakikaranti ni kelele. Tena zambarau inasema zaidi. Kahawa ile ina uchachu, ina utamu kwa mbali kama sukari nguru, halafu mwishoni ina ule ukakasi unaokaza ulimi na ufizi. Juisi ya chupa haina ukakasi huo. Mtoto yeyote wa huku aliyewahi kurudi nyumbani na ulimi wa buluu anaujua.

Sisemi tufute gurudumu la watu. Nasema kuna kazi ambayo hatujaifanya, na haiwezi kufanywa na wanunuzi kwa niaba yetu. Na sitaki kuipamba. Presi ya gilasi ikianguka imekwisha. Robo kilo ya kahawa nzuri ni hela ya unga wa siku kadhaa. Majirani wengi nimewapikia, na wengi, kama mamangu, walimaliza kwa kuitisha maziwa. Hilo halinisumbui, maana kabla ya maziwa kila mmoja alikuwa na neno. Mmoja alisema majani makavu ya miwa. Mwingine, ganda la chungwa lililochomwa. Fundi wa baiskeli alisema inanukia mvua ikigonga vumbi, nikampikia tena ili nihakikishe, na kwa kweli, ikiwa bado ya moto, ipo.

Hizo ni hukumu za watu ambao hawajawahi kuulizwa. Sasa ninayo orodha kwenye daftari, kwa tarehe, kwa shamba nikilijua, na kwa dakika nilizongoja. Ukiwa na presi, au hata na bakuli na kijiko, anza yako. Pika bila sukari kwa funda tatu za mwanzo tu, andika linalokuja mdomoni kabla hujasoma pakiti, halafu ulinganishe. Mkilima kahawa kwenu, mpelekee kikombe cha kwanza aliyeichuma.