Mashamba ya Nani? Tacitus na Kolonia ya Camulodunum
Tunapofundisha Waraka kwa Wafilipi, tumezoea kulieleza neno kolonia kama heshima tupu: askari wastaafu wa Kirumi, ardhi, uraia. Tacitus, katika kitabu cha 14 cha Annales, atunyima utulivu huo. Asimulia jinsi wastaafu wa Camulodunum, kolonia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 49 B.K., walivyowafukuza Watrinovante katika nyumba na mashamba yao. Nalo hekalu la Klaudio likawa machoni pa wenyeji alama ya kutawaliwa daima. Mwaka 60 au 61 mji uliteketezwa. Wachimbao misingi katikati ya Colchester ya leo hukuta tabaka la udongo mwekundu ulioungua, na ngome ya Wanormani imekalia misingi ya hekalu lile.

Lakini tusimsifu Tacitus kupita kiasi. Naye alikuwa seneta. Dhuluma aikiri, ila hamtaji kwa jina Mtrinovante hata mmoja. Nasi twafanya vivyo hivyo kwa Filipi, ambako wastaafu waligawiwa ardhi baada ya vita vya mwaka 42 K.K. Mwanafunzi alituuliza darasani mashamba hayo yalikuwa ya nani kabla. Hatukuwa na jibu, maana hatukuwahi kuuliza.