Vidole Viwili

Mama alishona kwa cherehani ya miguu, na nilichopenda kukitazama zaidi hakikuwa sindano. Kilikuwa kiganja chake cha kulia. Mshono ulipokaribia kwisha aliacha kukanyaga, gurudumu likaendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki, naye akaliwekea kiganja taratibu, likasimama palepale alipotaka. Hakuwa na haja ya kulitazama. Miaka mingi baadaye, nikisoma makala ndefu kwenye kompyuta mpakato, nilijikuta nafanya jambo lilelile. Ukurasa unateleza kwa kasi niliyoupa, vidole nimekwisha kuviinua. Navirudisha juu ya padi ya kugusa bila kubonyeza, na ukurasa unatulia kwenye aya ninayoitaka.

Nausifu ufundi huu kwa sababu wengi walio nao hawajui kwamba ni ufundi. Ishara zenyewe si nyingi. Vidole viwili vikipanda au kushuka husogeza ukurasa. Vikiachana hukuza maandishi, vikikaribiana huyapunguza. Ukigonga mara mbili kwa vidole viwili, safu moja ya habari hukua ikajaa skrini, jambo ambalo wenye macho yaliyochoka kama yangu tunalishukuru kila siku.

Lakini ishara ninayoipenda kuliko zote ni ya kurudi nyuma. Kwenye Safari, kivinjari kilichopewa jina la neno ambalo Kiingereza kililipata kwetu, naweka vidole viwili na kuvitelezesha kulia. Ukurasa nilionao husogea pembeni, na chini yake huchungulia ule niliotoka. Hapa ndipo penye utamu. Kitufe hakina katikati: umekibonyeza, umeondoka. Ishara hii ina katikati. Naweza kuvuta ukurasa hadi nusu, kama anayeinua pembe ya mkeka kuona kilicho chini, nikakumbuka jina nililolisahau, kisha nikarudisha vidole na ukurasa ukarejea mahali pake. Msomaji wa kweli husitasita. Hufuata kiungo, akafuata na kingine, akajuta, akataka kuhakikisha. Chombo kinachompa nafasi ya kusita katikati ya tendo kimemwelewa kuliko kile kinachomtaka aamue mara moja.

Nilipojua ufundi huu ulikotoka niliupenda zaidi. Wayne Westerman alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na mikono yake ilikuwa ikiuma kwa sababu ya kuchapa. Pamoja na mwalimu wake John Elias alitafuta njia ya kuitumia kompyuta kwa kugusa tu, bila kubonyeza kwa nguvu. Mwaka 1998 walianzisha kampuni ya FingerWorks, na mwaka uliofuata Westerman akakamilisha tasnifu yake kuhusu namna ya kutambua vidole vingi kwa pamoja juu ya uso mmoja. Apple iliinunua kampuni hiyo mwaka 2005. Simu ya iPhone ikatoka 2007, na 2008 ishara za vidole vingi zikafika kwenye padi ya MacBook Air. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Westerman aliviita vidole vingi kazini, na sababu aliijua kwa maumivu: mzigo aliotaka kuupunguza ulikuwa juu ya mikono yake mwenyewe. Kila ninapotelezesha vidole bila kutumia nguvu, nanufaika na mikono iliyoumia kabla ya yangu.

Chini ya uso wa padi kuna nyaya nyembamba mno zilizopishana kama ukindu kwenye mkeka, na zinapopishana hukaa chaji ndogo ya umeme. Mwili wa mtu hupitisha umeme, hivyo kidole kikifika hunyakua sehemu ya chaji hiyo. Programu hupima mabadiliko hayo, ikatafuta kitovu cha kila kidole na kufuata kinakoelekea. Ndiyo maana kijiti cha mbao hakifanyi kitu, na ndiyo maana siku za joto kali Dar es Salaam, vidole vikilowa jasho, kishale huanza kurukaruka. Mezani pangu pana kipande cha khanga kwa ajili hiyo tu.

Ufundi huu haukunijia bila kuniadhibu. Mwaka 2011, Apple ilipogeuza mwelekeo ili ukurasa ufuate vidole, mkono wangu ulikataa. Nilizoea kushusha vidole ili nisome kilicho chini. Sasa ilinibidi nivipandishe, kama anayesukuma karatasi mezani. Siku kadhaa nilisoma kwa hasira. Kisha asubuhi moja nikagundua kwamba nimesoma saa nzima bila kuukumbuka mwelekeo. Kosa lililoniuma zaidi lilitokea nikijaza fomu ndefu ya maombi ya ofisi moja. Vidole viliteleza pembeni kidogo, ukurasa ukarudi nyuma, na kila nilichoandika kikapotea. Tangu siku ile najua kuwa vidole vyepesi vinahitaji adabu, na kwenye fomu navituliza kama fundi anayekata kitambaa cha mteja.

Mama hashoni tena; miguu imechoka. Mwezi uliopita aliomba nimwonyeshe namna ya kutafuta picha za mishono ya magauni. Nikamwekea ukurasa wenye picha nyingi, nikamwelekeza, akausukuma kwa vidole viwili na picha zikaanza kukimbia.

"Mwanangu, inakwenda mbio hii," akasema, na papo hapo akaweka kiganja kizima juu ya padi.

Picha ziliendelea kupita, kwa kuwa programu imefundishwa kupuuza kiganja, ili anayeandika aweze kuupumzisha mkono wake.

"Vidole, mama. Viwili tu."

Akainua kiganja, akausukuma tena ukurasa, akashusha ncha za vidole viwili kwa utaratibu uleule ninaoukumbuka. Ukurasa ukasimama kwenye gauni la mikono mipana. Akainama kuuangalia mshono wa bega, na vidole hakuviinua.