Chama cha Wapiga Picha na Hukumu ya Macho

Watu wengi hudhani kwamba chama cha wapiga picha wa ridhaa huundwa ili kuchangiana vyombo: mmoja ana kamera, mwingine ana chumba cha giza, wa tatu anajua kuchanganya dawa za kusafishia filamu. Hayo yamo, wala si madogo. Lakini mtu akiichungua historia ya vyama hivyo, tangu kile cha London kilichoanzishwa mwaka 1853 hadi kile cha Cape Town cha mwaka 1890, ataona kwamba jambo lililowakutanisha wanachama mara kwa mara ni hukumu. Picha hutundikwa ukutani, mwenyewe amekaa kimya, na mwingine huinuka akaeleza kwa nini anga limekula nusu ya karatasi, au kwa nini mkono wa mtoto umekatwa bila sababu. Anayestahimili maneno hayo kwa miaka miwili mitatu huwa mpiga picha. Asiyestahimili hubaki mwenye kamera.

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya Brownie kwa bei ya dola moja ya Marekani, na tangu hapo kupiga picha hakukuwa tena kazi ya matajiri na mafundi peke yao. Kamera ya namna hiyo, iliyokwisha kutumika, ndiyo aliyoinunua Mohamed Amin kwa shilingi 40 alipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam. Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alijiunga na chama cha upigaji picha cha shuleni, na kufikia mwaka 1963 alikuwa na kampuni yake mwenyewe, Camerapix. Picha zake za njaa ya Ethiopia, alizozipiga Korem mwezi Oktoba 1984, zilitikisa dunia. Wako wasemao kwamba picha zile zilileta chakula. Wako wasemao kwamba zilimzoeza mtazamaji wa mbali kumjua Mwafrika kwa mbavu zake. Kauli zote mbili ni za kweli, na ya pili haiifuti ya kwanza. Lakini Amin alikuwa mtu wa habari, na habari haingoji baraza. Mpiga picha wa ridhaa hana mhariri anayemsubiri; anao muda. Kwa hiyo swali la nani aihukumu picha kabla haijatoka mlangoni linamwelemea yeye zaidi.

Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, ni mahali pafaapo kulipimia swali hili. Hospitali ya Misheni ya Africa Inland ilianzishwa hapo mwaka 1913, na baadaye pakawa pia na makazi ya wagonjwa wa ukoma. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, magazeti ya misheni za Afrika kwa jumla yalikuwa na desturi ya kuchapisha picha za wagonjwa: kidonda mbele, jina hakuna. Wapigaji wake mara nyingi walikuwa watu wa ridhaa, daktari, muuguzi, au mke wa mchungaji. Walipiga kwa nia njema, na sadaka zilizopatikana zilinunua dawa, haifai kuwadhihaki. Hata hivyo picha ilivuka bahari, ikahukumiwa na watu wasiomjua mgonjwa, wala aghalabu haikurudi kwake. Kasoro yake ya sanaa na kasoro yake ya adabu huwa ni moja: mpiga picha amesimama, mgonjwa ameketi, jicho la kamera linateremka.

Wala isidhaniwe kwamba Usukuma ulikosa mabaraza ya kuhukumu sanaa. Vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake hutajwa kuwa ni wapinzani wawili, Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi. Hukumu hiyo ni ya haki kwa ngoma, ambayo huishi kwa umati. Kwa picha haitoshi. Umati hukimbilia penye nyoka, na tangu zamani wachezaji wamelijua hilo vizuri. Simu za leo zimeirudisha hukumu ya umati kwa njia ya alama za kupendwa, na kila mwenye simu anajua ni picha gani huzikusanya upesi.

Mfano ulio bora zaidi unapatikana Mbarara, Uganda. Musa Katuramu (1916–1983) alikuwa mwalimu na fundi seremala, naye alipiga picha za watu wa kwao. Mwaka 2014 baadhi ya picha hizo zilitolewa kitabuni katika mfululizo uitwao Ebifananyi. Neno hilo, ambalo Mswahili hulisikia mara moja kuwa ni ndugu wa kufanana, lina maana ya picha, na lina madai makubwa kuliko neno picha lenyewe: kinachoitwa hivyo sharti kifanane na mtu. Nani basi ajuaye kufanana huko, ila mwenye sura na majirani zake? Mpiga picha aishiye kati ya watu anaowapiga hukutana nao kesho yake njiani. Hilo peke yake ni baraza, hata pasipokuwa na katiba wala mweka hazina.

Kolandoto ya leo ina chuo cha sayansi za afya, na wanafunzi wake, kama vijana wa Mwadui na wa machimbo ya dhahabu ya Geita, wanatembea na kamera mfukoni. Chumba cha giza hakihitajiki tena, kwa hiyo sababu iliyodhaniwa kuwa ya kwanza ya kuunda chama imekwisha. Ile ya hukumu imebaki pale pale. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inampa mtu mahali pa kulalamika. Sheria hiyo haimfundishi mpiga picha kupiga goti hadi jicho la kamera lilingane na jicho la mtu aliyeketi kitandani.