Mtu wa Kugonga Kuta

Anayenunua nyumba Dar es Salaam hujifunza mapema kuogopa karatasi. Ataulizia hati, atapita ofisi ya serikali ya mtaa, atamweka mwanasheria apekue kumbukumbu za ardhi, atamwita mpimaji ahakikishe bikoni ziko mahali pake. Anafanya vyema, maana visa vya kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili tumevisikia mno. Lakini hati haisemi neno juu ya kuta. Inaweza kuwa safi kabisa, na nyumba iliyo juu ya kiwanja hicho msingi wake ukawa umeshaanza kuzama, na hakuna mwanasheria atakayeliona hilo kwenye karatasi.

Wa kuliona hilo yupo, na ndiye ninayetaka kumsifu hapa: mkaguzi wa nyumba. Ni mhandisi au mjenzi aliyebobea ambaye mnunuzi humwita kabla fedha haijatoka mfukoni, akaipitia nyumba kuanzia msingi hadi bati na kuandika alichokiona. Marekani wakaguzi wa aina hii wana chama chao cha kitaifa tangu mwaka 1976. Kwetu kazi hii haina bango mtaani. Huifanya wahandisi na wabunifu majengo waliosajiliwa na bodi zao, mara nyingi kati ya shughuli nyingine. Hata hivyo ni ufundi uliokamilika, wenye maarifa yake na maadili yake.

Zana zake hubebeka kwenye mfuko mmoja: tochi, timazi, pima maji, nyundo ndogo, bisibisi, futi, kipima umeme. Huanzia nje, akaizunguka nyumba polepole, akitafuta nyufa. Sisi wengine tukiona ufa tunaona ufa tu, yeye huusoma. Ule mwembamba uliotambaa ovyo kwenye lipu humwambia kwamba lipu ilikauka upesi, basi. Ule ulionyooka wima kati ya nyumba ya awali na chumba kilichoongezwa humwambia kwamba misingi miwili iliyochimbwa nyakati tofauti haikufungwa pamoja. Anaposimama kwa muda mrefu ni pale anapokuta ufa unaoshuka kwa ngazi, tofali kwa tofali, kutoka kona ya dirisha hadi chini. Huo mara nyingi ni wa msingi: upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Ataupima upana juu na chini, atachungulia kama umekata tofali au umepita kwenye lipu peke yake, kisha ataangalia udongo. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ardhi huvimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi, na nyumba yenye msingi mfupi hupanda na kushuka nayo kila mwaka. Akitaka kujua kama ufa bado unatembea, hubandika kipande cha plasta juu yake na kuandika tarehe. Plasta ikikatika baada ya wiki chache, jibu limepatikana.

Niliwahi kufuatana na mhandisi mmoja kwenye nyumba iliyokuwa inauzwa Kigamboni, si mbali na bahari. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, ya juzi juzi, na mnunuzi alikwisha kuipenda. Mhandisi alipita ukuta kwa ukuta akigonga kwa kifundo cha kidole, kichwa kakiinamisha. Penye lipu iliyoshika, sauti ilikuwa fupi na nzito. Penye lipu iliyoachana na tofali, ukuta uliita kama debe. Alipofika chini ya zege la kibaraza cha juu alimulika tochi kwa ubavu, mwanga ukilala kwenye zege, na hapo ukaonekana mstari mwembamba wa rangi ya kahawia chini ya ile nyeupe, umenyooka kabisa. Mistari iliyonyooka hivyo hufuata nondo. Aliuchokoa kwa ncha ya bisibisi, kipande cha zege chenye ukubwa wa kiganja kikabanduka, na nondo ikajitokeza imevimba, imefanya magamba.

Alitueleza palepale. Chumvi ya upepo wa bahari, au ya mchanga wa pwani ambao haukuoshwa, huingia ndani ya zege hadi kwenye chuma. Chuma kikishika kutu, kutu hiyo hutaka nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, nayo huisukuma zege kutoka ndani mpaka ipasuke. Ipasukapo, hewa na maji huingia kwa wingi zaidi, na kazi huenda mbio. Rangi mpya haizuii lolote kati ya hayo. Alipiga picha, akapima, akaandika kwamba kibaraza kinaweza kuokolewa: zege iliyolegea ibanduliwe yote, nondo zisuguliwe, zilizoliwa zibadilishwe, na zege mpya imwagwe. Akaweka na makadirio ya gharama. Mnunuzi alirudi mezani na taarifa ile mkononi, na mazungumzo ya bei yakaanza upya.

Jambo la pili linalonistaajabisha ni namna mkaguzi anavyoweza kuiona masika katikati ya kiangazi. Nyumba nyingi za mabondeni hupendeza mno mwezi wa Januari: uani pakavu, bei ya kuvutia. Yeye hutafuta alama ambazo maji yaliacha. Atainama kwenye miimo ya milango aone kama mbao zimeoza kwa chini. Atatafuta ukuta wenye unga mweupe wa chumvi uliopanda hadi magotini, au rangi iliyorudiwa upande wa chini tu. Atamsalimia jirani na kumuuliza maji hufika wapi. Atapima pia umbali hadi mtoni, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa bahari. Waliokuwa wakiishi bonde la Msimbazi wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baadaye yaliwafanya wengi wao kuhamishiwa Mabwepande. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo inaweza kuwa na kuta imara na bado ikawa hasara.

Kisha hupanda darini. Huchoma mbao za kenchi kwa bisibisi kuona kama mchwa wamebakiza ganda, na hutazama mahali mwanga wa jua unapopenya kwenye bati. Hufungua mabomba yote kwa pamoja, hufunua chemba, huuliza gari la maji taka huitwa mara ngapi kwa mwaka. Hukagua kama waya wa kwenda ardhini upo kweli, au soketi zina tundu lake tu.

Ufundi huu hubadilika na mahali. Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko. Mnunuzi akikuta ukuta wa zamani umepigwa lipu ya saruji, laini, hufurahi kwamba umekarabatiwa. Mkaguzi anayeyajua majengo yale huingiwa na wasiwasi. Chokaa huuacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, na pole pole boriti huoza kwenye ncha zake, pale zilipozama ukutani, ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo hugonga boriti karibu kabisa na ukuta na kusikiliza. Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake mchana wa Desemba 25, 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Umri wa jengo si ushahidi wa afya yake.

Lakini kinachomfanya astahili heshima kubwa zaidi ni mahali aliposimama katika biashara hii. Muuzaji anataka nyumba iuzwe. Dalali anaingoja asilimia yake. Hata mnunuzi mwenyewe, akishaipenda nyumba, huanza kuitetea kuliko mwenye nayo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na pale penye maneno mengi matamu mkaguzi ndiye pekee ambaye ujira wake haubadiliki, biashara iwe au isiwe. Kwa hiyo anaweza kusema kweli, na aliye mwema huisema kwa kipimo. Hamtishi mtu kwa ufa wa lipu. Hutenga lililo hatari, lililo la gharama na lililo dogo, kwa kuwa hakuna nyumba isiyo na kasoro. Na asipoweza kuona mahali fulani, huandika wazi kwamba hakupaona. Sentensi hiyo moja huniaminisha taarifa nzima.

Basi, ndugu msomaji, ukijaliwa kufika siku ya kununua nyumba, mtafute mkaguzi wewe mwenyewe. Usimkubali aliyeletwa na dalali au mwenye nyumba, hata akiwa wa bure. Uliza amesajiliwa na bodi gani, kisha uthibitishe. Nenda naye, ushike tochi, uulize maswali. Dai taarifa ya maandishi yenye picha, na uisome kabla hujatia saini wala kutoa malipo ya awali. Ujira wake utauona mkubwa siku hiyo. Ulinganishe na gharama ya kumwaga zege upya au kuchimba msingi nyumba ikiwa na watu ndani. Wengi wetu nyumba tunainunua mara moja maishani, kwa akiba ya miaka na mikopo ya miaka mingine. Mlipe kwanza anayegonga kuta, ndipo umlipe mwenye nyumba.