Kaseti za Remmy

Ng'ambo wapo wanamuziki waliojipatia jina kwa kutisha watu. Alice Cooper wa Marekani, katika miaka ya 1970, alikuwa akipanda jukwaani na chatu shingoni, kisha anajifanya kukatwa kichwa mbele ya umati uliolipa kiingilio ili ushtuke. Niliwahi kuonyeshwa picha zake nikacheka. Kwetu Tosamaganga mwanamuziki wa kututisha alikuwa mmoja tu, naye hakuhitaji nyoka. Alikuwa Remmy Ongala.

Mimi si mtaalamu wa muziki, ni mpenzi tu, na haya ni maoni ya mpenzi. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akaiongoza Super Matimila. Wazee wetu, waliokulia chini ya kengele ya misheni, walitazama zile rasta zake, wakasikia kwamba mtu huyu anajiita mwenyewe Sura Mbaya, wakakata shauri kuwa ni mhuni. Waliangalia pasipo penyewe. Rasta hazikumdhuru mtu. Cha kuogopwa kilikuwa maneno.

Kaseti zake zilinifikia kwa mkono wa kaka yangu, aliyekuwa utingo wa lori la mizigo njia ya Tunduma. Kila aliposhuka Iringa alikuwa na kaseti mpya, nyingi zikiwa zimerekodiwa kutoka kaseti nyingine, sauti imechakaa kabla hata hatujaanza kuichakaza sisi. Moja aliiandika juu kwa kalamu, "Kwaya ya Krismasi", ili baba asiiulize. Upande wa kwanza ulikuwa na nyimbo za Nalilia Mwana, iliyotolewa Uingereza mwaka 1988. Humo mna "Siku ya Kufa". Tuliupiga usiku, sauti chini, betri tumezianika juani mchana kutwa ili zipate nguvu. Mpaka leo sijasikia kitu cha kutisha kuliko ule wimbo, na sababu ni kwamba unachezeka. Gitaa linakuita uinuke, mwimbaji anakukumbusha kaburi, na miguu yako inamtii gitaa. Hapo ndipo ninapompima Remmy.

Kwa kipimo hicho, kazi yake bora ni Songs for the Poor Man ya mwaka 1989. Wapo wanaolalamika kwamba studio ya Real World kule Uingereza iliifuta vumbi mno, na kwamba Matimila ya ukumbini ilikuwa na jasho zaidi. Nawakubalia nusu. Lakini ni humo nilimosikia kwa mara ya kwanza kila gitaa linasema nini na mwenzake, na "Kipenda Roho" ukausikiliza vizuri hutamani kingine jioni hiyo. Mambo, ya mwaka 1992, sikuipenda hivyo. Anaimba Kiingereza mara nyingi mno, kama mtu anayejieleza kwa wageni. Remmy wa Kiswahili alikuwa hajielezi. Alikuwa anakusema wewe.

Sasa nifike kwenye "Mambo kwa Soksi", uliokuwa upande wa pili wa kaseti ya kaka. Ni wimbo wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 wa kuwahimiza watu watumie kondomu, na Redio Tanzania ilikataa kuupiga. Kwa muziki peke yake siuweki juu. Ni mrefu, na una mahubiri kuliko utamu. Lakini angalia jambo moja. Mtu aliyepigiwa kelele kwamba hana haya alichagua neno soksi, kitu ambacho hata bibi husuka kwa sufi yake. Aliyesitiri ndiye aliyezuiwa. Nilikasirika sana wakati ule, nikawa hodari wa kuilaumu redio barazani.

Mwaka 1994 kaka alirudi nyumbani amekonda, akafa kabla ya mvua kuanza. Watu walinong'ona kwamba amekanyaga waya. Mimi ndimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, kwa kuwa nilisoma kidogo kuliko wengine kutosoma. Nikaandika homa ya mapafu. Nikausoma mbele ya jeneza kwa sauti ya kusikika, mimi mpenzi wa Remmy. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 na 2004 ulikuja kuonyesha kwamba Iringa na Mbeya zilikuwa na maambukizi zaidi ya asilimia 13 ya watu wazima, wakati taifa zima lilikuwa na asilimia 7. Najiuliza homa za mapafu ngapi zilisomwa katika makaburi yetu. Tangu siku ile siilaumu redio.

Mwishoni mwa maisha yake Remmy aliacha dansi, akanyoa rasta, akaimba Injili, hata akafariki Desemba 2010. Wengi hapa kwetu walimpenda upya. Sauti ilikuwa ileile, ila mimi sikushtuka tena, nikabaki na kaseti za zamani.

Ile ya kaka ninayo. Juma moja baada ya maziko, baba alitaka kitu cha kumtuliza, akachukua redio na kuiweka "Kwaya ya Krismasi" mwenyewe. Nilikuwa mlangoni. Wimbo wa "Siku ya Kufa" ukaanza, nami nikangoja anikemee. Hakusema neno. Alikaa na koti lake begani, akasikiliza mpaka upande ukaisha na kitufe kikaruka.

"Geuza," akaniambia.

Nikageuza.