Dozi ya Kwanza Haingoji Majibu

Muuguzi akirukiwa na damu au maji ya uzazi machoni, kazi huwa nne: kuosha, kutoa taarifa, kuanza dawa kinga na kupima. Inayovurugwa zaidi ni ya tatu, na huvurugwa na uamuzi mmoja usiotetewa kwa hoja yoyote yenye nguvu: kumwambia asubiri majibu ya mgonjwa.

Tukio lenyewe linajulikana katika kila wodi ya wazazi. Chupa inapasuka mama akisukuma, maji yenye damu yanamfikia mkunga jichoni. Anamwachia mwenzake mama, anavua glovu, anaosha jicho kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila sabuni wala dawa ya kuua vijidudu, kisha anatoa taarifa. Hapo kila kitu kimekwenda sawa.

Kosa linaanzia mezani. Kiongozi wa zamu anafungua kadi ya kliniki, anaona mama alipimwa VVU hudhurio la kwanza na hakuwa navyo, anaifunga na kuamua kuwa mkunga aendelee na kazi, sampuli ichukuliwe asubuhi. Lakini kadi hiyo inaeleza hali ya mama miezi kadhaa iliyopita. Mtu huweza kuambukizwa katikati ya ujauzito. Tena hata kipimo cha leo kinaweza kukosa maambukizi mapya kabisa.

Dawa kinga ya VVU hufanya kazi kwa kuwahi. Inapaswa kuanza mara moja, ikiwezekana ndani ya saa chache, na mwisho wake ni saa 72. Saa hizo 72 ni ukomo, si muda wa kujipumzisha. Dozi ya kwanza inapomezwa, mama anaombwa ridhaa na kupimwa kwa kipimo cha haraka. Asipokuwa na maambukizi na dalili za hatari ya karibuni hazipo, dawa husitishwa. Dawa ikiendelea, ni siku 28. Kuanza na kuacha hakuna hasara kubwa. Kuchelewa hakurudishiki.

Wapo wanaojitetea kwa takwimu: damu yenye VVU ikigusa utando wa jicho, hatari ni takriban asilimia 0.09. Ni ndogo, lakini homa ya ini B huambukiza kwa urahisi zaidi, na kadi ya mkunga ya chanjo ya ugonjwa huo, dozi tatu, haikuulizwa na yeyote.

Jambo la zamani nalo halijaisha: miwani ya kinga inayofungiwa kabatini isiharibike. Miwani iliyo kabatini haikingi jicho la mtu.

Dk. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, alionyesha njia mwaka 2000. Alipotambua dalili za Ebola, alitenga wodi na kuwavisha wahudumu vifaa vya kinga kabla maabara haijathibitisha ugonjwa. Alifariki kwa Ebola Desemba 5 mwaka huo, baada ya kumhudumia usiku mmoja muuguzi aliyekuwa akivuja damu; inaelezwa kuwa usiku ule hakuvaa miwani.

Viongozi wa zamu wajifunze kwake. Dozi za kuanzia ziwekwe wodini usiku na mchana, na muuguzi aliyerukiwa ameze ya kwanza kabla kadi ya mtu yeyote haijafunguliwa.